Nyumba Iliyoambiwa Ipunguze Sauti

Mtaani walimwita Sponji, kwa kuwa alikuwa fundi makochi na vipande vya sponji havikumtoka nyweleni hata akivaa suti. Alikuwa mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kazi. Kisha akaanza kumsikia mtangazaji.

Mtangazaji huyo, asiyeonekana, alitangaza kila alichofanya Sponji kama mpira wa redioni. "Anachukua nyundo! Anapiga! Lo, ameupinda msumari!" Sponji akawa anafanya kazi amejifunika shuka gubigubi, ili jamaa akose cha kutangaza. Alipoacha kula kwa kuogopa kutangazwa anavyotafuna, mama yake alimpeleka kliniki. Shangazi akawafuata bila kualikwa.

Daktari alisema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili, akamwanzishia dawa. Halafu wakaingia kwa mshauri wa saikolojia.

"Kila mtu huongea na nafsi yake kimoyomoyo," mshauri alimwambia Sponji. "Wapo wataalamu wanaodhani kwamba akili yako imeshindwa kuitambua sauti yake yenyewe, ikaiona ya mgeni."

"Si yangu, dada. Mimi sina sauti nzuri hivyo."

Shangazi akadakia: "Chanzo ni malezi! Wifi yangu humwambia mtoto apumzike, akipumzika anamwita mvivu. Akimkumbatia, amekunja uso."

"Zamani wapo waliofundisha hivyo," mshauri akasema, "kwamba kauli mbili zinazopingana humchanganya mtoto hadi augue. Hawakuweza kuthibitisha. Mama hana hatia."

Mama, badala ya kushukuru, alinuna. "Nimemlea peke yangu, leo naambiwa sikuchangia chochote?"

Mshauri alikuna kichwa. Akawaeleza kwamba mgonjwa huzidiwa upesi penye kufokeana na kulaumiana. "Nyumbani punguzeni sauti."

Wakatii kupita kiasi. Mama alinong'ona. Shangazi, aliyehamia hapo ili ahakikishe wifi yake ananong'ona sawasawa, alinong'ona zaidi. Walinong'onezana kuhusu chumvi, kuhusu bomba linalovuja. Sponji akiingia, wananyamaza na kutabasamu. Majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

"Sasa kweli mnanisema!" alilia Sponji. Akajipenyeza ndani ya kochi la mteja, akagongomea kitambaa kutokea humo humo, akagoma kutoka.

Mshauri aliitwa. Mama akamkaribisha, kwa mnong'ono, akae kwenye kochi lile lile, maana viti vingine vilikuwa havina miguu. Alikataa, akaketi sakafuni.

"Kaka, unataka nini?" aliuliza.

"Waongee kama watu," kochi likajibu. "Aliyekasirika aseme amekasirika, asinichekee. Mtangazaji mmoja ananitosha."

Mama akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake ya kila siku: "Nimechoka, mwanangu. Naogopa. Na shangazi yako amenifika hapa kooni."

Kitambaa kilichanika, kichwa cha Sponji kikachomoza. "Hiyo nimeielewa," alisema, akaomba chai.

Shangazi alirudi kwake amesusa, ingawa hakukosa kuja kumsalimia mpwa wake. Mtangazaji hakuondoka kabisa, ila dawa zilimpunguza makali, na Sponji alizoea kumwachia aseme huku yeye akipiga misumari. Mwenye kochi alipokuja, aliona lile tundu, akaja juu. Mama akamfokea kwa sauti ambayo nyumba ile haikuisikia siku nyingi. Sponji akafunga mlango wa karakana polepole, akaendelea kushona.