Betri za Lori Langu

Leo nimefungua rimoti ya mwanangu, harufu ya betri iliyovuja ikanipanda puani, nikamkumbuka baba.

Alininunulia lori la rimoti tulipokuwa tukikaa Changamwe. Muuzaji alimwuliza, "Wataka betri za kawaida au za kuchaji? Za kawaida zaisha upesi. Za kuchaji zataka stima."

Nyumba yetu haikuwa na stima. Baba alinitazama, akasema, "Nipe za kuchaji, na chaja yake. Stima iko kazini."

Basi kila asubuhi alizibeba hadi bohari ya mafuta, na jioni alinirudishia zingali na joto. Nilikuwa nikimpapasa mfuko wa ovaroli hata kabla ya kumwamkia.

Siku moja alirudi na betri baridi. Stima ilikuwa imekatika kutwa huko kazini. Nikaangua kilio.

Baba hakuingia ndani. Alipiga magoti uani, ovaroli ikimnuka dizeli, akalishika lori na kunguruma kwa mdomo kama injini.

"Haya dereva, bonyeza!"

Nikabonyeza, nikapaza sauti, "Kulia!" Akaenda kulia. "Nyuma!" Akarudi nyuma, magoti yakiburura mchanga, mpaka mama akatuita mara ya tatu tukale.