Nyumba Iliyokatazwa Kirundi

Watu wakiniuliza ninafundisha wapi, nasema Buterere, pembezoni mwa Bujumbura, darasa la saba, Kiswahili. Basi wanaguna kwa huruma. Kwao Buterere ni mpunga, mbu, na maji ya mvua yanayoingia nyumbani bila hodi. Nawaambia huruma yenu wekeni mfukoni, watoto wangu wana akili kushinda wa kwenu. Mimi nimezaliwa Buyenzi, nimeolewa Nyakabiga, na mdomo wangu haujawahi kuomba ruhusa kwa mtu. Mume wangu anasema hasira zangu ni kama maziwa jikoni, ukigeuka kidogo tu yamefurika. Sibishani naye.

Darasa la saba ni geni kwa watoto wetu kuliko wazazi wanavyodhani. Mpaka la sita mtoto ana mwalimu mmoja kutoka asubuhi hadi kengele ya mwisho. Mwalimu huyo anajua nani hajala, nani ana homa, nani amelia njiani. Kifaransa wanakisoma, lakini akiona wamepotea anawarudisha kwa Kirundi, wanacheka, wanaendelea. Kisha likizo inapita, mtoto anaingia la saba, na kila saa anaingia mtu mpya na chaki yake na Kifaransa chake. Huyu wa hesabu akitoka, huyo wa sayansi yuko mlangoni. Hakuna anayemjua mtoto mzima. Kila mmoja wetu anakijua kipande chake cha saa moja.

Ndiyo maana kabla ya shule kufunguliwa tunawaita wazazi wa la saba. Wanakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, kina mama wengine wakiwa na matope ya shamba bado kwenye visigino. Mwaka ule nilisema yangu ya kila mwaka: mtoto ale kitu kabla ya kutoka, asome kukiwa bado na mwanga, msishtuke alama zikishuka mwanzoni. Nilipokaa, akasimama direkteri wetu, mkuu wa shule. Si mtu mbaya. Anapenda shati lililopigwa pasi na sentensi fupi. Akasema, "Wazazi, mukitaka mutoto ashinde la saba, nyumbani muongee Kifaransa." Wakampigia makofi. Mimi nikatazama bati la juu. Jamani, katika madawati yale nani alikuwa na Kifaransa cha kumpa mtoto? Lakini mkubwa alikuwa amesema, na watu wetu mkubwa akisema wanabeba neno lote kama lilivyo mpaka nyumbani.

Mama mmoja alinisubiri mlangoni na binti yake. Alikuwa mlimaji wa mpunga, mwembamba, kitenge kimefungwa kwa nguvu. Alinieleza bila kuzunguka. Dada yake mkubwa alikuwa amempatia yule binti kazi ya nyumbani huko Mutanga Sud, kwa watu wenye mtoto mchanga karibu na chuo kikuu. Walikuwa wanangoja jibu.

"Nimemwambia dada angoje mpaka Noeli," akasema. "Kama mutoto anaweza la saba, anabaki. Kama anashindwa, anaenda kule. Mi nataka abaki, madamu. Lakini akishindwa nitamujibu nini mukubwa wangu?"

Binti mwenyewe hakuonekana kama mtu anayepimwa. Alikuwa akinirushia maswali kama bomba lililoachwa wazi. Ni kweli mwalimu wa hesabu ni mwanaume? Ni kweli wa la saba wanacheza mpira na wa la tisa? Mbona Kiswahili kinafundishwa na sisi tunakisema bure sokoni? Nikamwambia, "We binti, utanichosha kabla mwaka haujaanza." Akacheka, na mama yake akacheka pia. Nilimpenda pale pale, kusema kweli.

Wiki za kwanza alikuwa hivyo hivyo. Halafu akaanza kunyamaza. Kwanza kwenye masomo ya Kifaransa, na hilo halikutushangaza, wengi hunyamaza. Lakini baada ya muda hata kwangu, kwenye Kiswahili anachokisema tangu meno ya kwanza, alijibu neno moja moja, akitazama dawati. Alama zikashuka. Kisha akaanza kukosa siku, anapotea, anarudi, bila kueleza.

Tulikuwa na majibu ya kutosha, sisi walimu. Wa hesabu alisema ni mvivu. Wa Kifaransa alisema ni mwoga. Wa sayansi alisema ni maji tu, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na nusu ya mtaa ilikuwa inatembea juu ya matofali. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kila kipande kilitosha kumfanya mtu arudi kwenye chai yake. Mimi pia nilisema labda ni maji.

Siku moja saa yangu iliisha, watoto wakakimbilia uwanjani, yeye akabaki ameketi dawati la nyuma. Joto la Buja unalijua, hata mvua ikinyesha linabaki, lakini alikuwa amefunga sweta kiunoni, mikono ameibana juu ya mapaja. Nikamwambia atoke apate hewa. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena kwa ukali kidogo. Akaanza kulia bila sauti, na hapo nikaelewa.

Niseme kwamba shuleni kwetu mimi ndiye shangazi wa shule. Ni mwalimu wa kike anayechaguliwa ili wasichana wawe na mtu wa kumletea mambo ya mwili. Zamani kwa Warundi kazi hiyo ilikuwa ya shangazi mwenyewe, dada wa baba. Siku hizi shangazi yuko mkoani Ngozi au yuko Tanzania, na mjini mama ndiye anabaki na kila kitu. Kwa hiyo nina kabati, lina pedi, sabuni na sketi za kuazima. Nilifunga mlango, nikampa alivyohitaji, nikamgeuzia mgongo mpaka alipomaliza. Kisha nikakaa naye kwenye dawati.

"Ni mara ya kwanza?"

"Apana, madamu."

Basi zile siku alizokuwa anapotea zikanijia. "Na ulikuwa unafanya nini?"

"Nabaki nyumbani. Nasema tumbo."

"Kwa nani? Kwa mama?"

"Naonyesha mukono kwa tumbo. Mama anaelewa tumbo."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Unaonyesha? Kwani mdomo umefanya nini? Hukumwambia mama yako ni damu?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Sijuwi kusema hiyo kwa Kifaransa."

Wallahi, nikamwambia anieleze tangu mwanzo. Kidogo kidogo akanieleza. Siku ile ile ya mkutano mama alifika nyumbani akatoa sheria: Kirundi kimekwisha ndani ya nyumba hii, Kiswahili pia, ni Kifaransa tu. Mama mwenyewe alijua bonjour na merci. Kwa hiyo mama akanyamaza. Alipika kimya, alifua kimya, aliita watu kwa mkono. Binti alikuwa na maneno ya shuleni, kalamu, dirisha, leo ni Jumatatu, akayatumia yakaisha. Alipoteleza akasema neno la Kirundi, mama alimwambia, "Ukisema hivyo ujue unajipeleka Mutanga mwenyewe." Sentensi hiyo mama alikuwa anaisema kwa Kirundi, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Basi damu ilipokuja mara ya kwanza, mtoto alidhani ni ugonjwa. Alikaa nao peke yake, akitafuta neno kwenye kichwa chake cha Kifaransa, na neno halikuwepo. Hakuna mwalimu aliyelifundisha. Na kulisema kwa Kirundi ilikuwa ni kwenda kulea mtoto wa watu Mutanga Sud. Akachagua kunyamaza. Na ukishajizoeza kunyamaza nyumbani, huwezi kufika shuleni ukawa mtu mwingine.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa direkteri, na yale maziwa yakafurika. Nilimwuliza Kifaransa hicho alichowaagiza wazazi alitaka wakichote wapi, mto Ruzizi? Akasema alikuwa anawatia moyo tu. Nikamwambia moyo umetiwa, nenda ukaone nyumbani kwa yule binti. Alivua miwani akaifuta, kisha akasema nimwite mama.

Mama alikuja kesho yake asubuhi, amevaa kitenge cha kanisani. Kumbe alidhani ameitwa kupongezwa. Alikaa wima, mikono juu ya magoti. Nilimwuliza wanaishije nyumbani.

"Nimefwata, madamu," akasema kwa fahari. "Yote mulisema, nimefwata. Kwangu hakuna Kirundi."

"Na wewe unaongea naye nini?"

"Mi nanyamaza. Nisimuharibie."

Hasira zote zikaniishia. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea, naapa, lakini utamkemeaje mtu aliyejifunga mdomo miezi yote hiyo kwa kumpenda mtoto? Nilijiuliza mimi ningeweza. Mimi nisiposema wakati wa kula tu, watu wananigusa paji la uso kuona kama nina homa. Alikuwa amefanya kazi ngumu kuliko yoyote niliyowahi kumwagiza mzazi, na kazi ile ilikuwa inamuua mtoto wake polepole.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kirundi, ili lisibaki hata neno moja la kukisia. Nilimweleza kuhusu damu, siku zilizopotea, mkono juu ya tumbo. Alisikiliza macho yameganda. Mwisho akauliza swali moja tu. "Alidhani anakufa?"

"Mwanzoni, ndiyo."

Alisimama. Hakuniaga. Binti alikuwa nje chini ya ukuta, akingoja hukumu yake. Mama alitembea mpaka pale, akapiga magoti kwenye mchanga na kitenge chake cha kanisani, akamshika mashavu na kumwita, "Mwana wanje." Mwanangu. Kisha akasema mengine ambayo sikuyasikia, na sikutaka kuyasikia. Nilichosikia ni binti. Alianza kwa kwikwi, halafu Kirundi kikafunguka, na hakikusimama tena. Alisimulia damu, akasimulia mwalimu wa hesabu anavyokohoa kabla ya kumwuliza mtu swali, akasimulia rafiki aliyehamia Cibitoke, mbuzi aliyeingia darasani, ugomvi, wimbo, kila kitu tangu Septemba. Mama alikuwa anaitikia tu, ee, ee, huku machozi yanashuka. Direkteri alichungulia dirishani, akatazama saa yake, na mimi nikamtazama yeye. Akarudi ndani.

Tulipokaa tena nilimwambia mama jinsi ya kumsaidia, na ni rahisi mpaka unaona aibu kuitoa kama ushauri. Akirudi jioni mwulize wamesoma nini, akueleze kwa Kirundi mpaka uelewe. Usipoelewa mwambie hujaelewa, aanze tena. Mtoto akiweza kumweleza mama yake moyo unavyosukuma damu, Kifaransa chake kitapata mahali pa kukaa. Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Lakini niliona mawazo yake yako kwingine.

"Dada anakuja Jumapili," akasema. "Hatangoja Noeli tena. Wale watu wanataka mutu sasa."

Alama bado zilikuwa mbaya. Sikuwa na kitu cha kumpa akamwonyeshe dada yake, na mkubwa kwa Warundi si mtu wa kujibiwa hivi hivi. Nilijitolea kwenda mimi niseme naye. Akakataa kwa heshima. Akasema jambo hilo ni la nyumbani.

Jumapili hiyo sikutulia. Niliunguza ugali, mume wangu akaula ulivyo, ishara kwamba ananijua. Jumatatu nilifika shuleni mapema, nikasimama getini kama mlinzi. Waliingia kundi baada ya kundi, sweta za bluu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilipomwona roho ikashuka mahali pake. Alikuwa anabishana na wenzake juu ya jambo fulani, hata salamu alinipa katikati ya sentensi.

Mama yake alikuwa nyuma na jembe begani, anaelekea mpungani. Nikamshika mkono. "Dada alisema nini?"

"Nilimwambia mutoto aseme mwenyewe," akajibu. "Akasema. Aliongea mpaka chai ikapoa. Anataka kusoma, anataka kuwa munganga wa hospitali, Mutanga haendi. Dada yangu akakasirika, akanigeukia, akasema huyu mutoto wako ana maneno mengi sana."

"Na wewe?"

Akahamisha jembe bega la pili.

"Nikamwambia, umwache aseme. Maneno yake nilikuwa nimeyakosa."