Trei Iliyosahauliwa Mezani

Ti.

Mlio ule hakuusahau tena. Ulikuwa mdogo kuliko wa sindano ikianguka sakafuni, nao ulitoka ndani ya yai.

Alikuwa fundi cherehani. Dada yake mkubwa alimtafutia chumba na kazi ya kiwandani katika mji ambao yeye hajawahi kuutia machoni. Angehamia mwisho wa mwezi. Cherehani alishaiuza, wateja alishawaaga, na zile wiki tatu zilizobaki zikawa zinamkodolea macho. Ndipo aliposikia kwamba kwenye nyumba ya kutotolea vifaranga mfanyakazi amejifungua, anatakiwa mtu wa kumshikia nafasi.

"Wiki tatu tu?" aliuliza mwenye kazi, mwanamke mzee, mfupi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Joto. "Hata yai la kuku linataka hizohizo. Haya Fundi, anzeni pamoja."

Mara tatu kwa siku aliyageuza mayai ndani ya mashine. Kila yai lilikuwa na alama za penseli, msalaba upande mmoja, duara upande wa pili, ili lisirukwe hata moja. Kipimajoto kilikuwepo ukutani, lakini Bibi Joto alipenda kuchukua yai na kuligusisha kwenye ukope wa jicho. Alifumba, akatulia kama anayepokea habari za mbali. "Joto limeshuka kidogo," alisema. Fundi akakimbilia kipimajoto, kweli, limeshuka.

Siku ya tano walizima taa, bibi akaliweka yai mbele ya tochi. Ndani ya ule wekundu ilitanda mishipa myembamba, na katikati kitone kilikuwa kinadunda.

"Nini hicho?"

"Moyo."

Fundi alishona maisha yake yote, ila uzi mwembamba namna ile hakuwahi kuuona. "Hii kazi kaifanya nani, Bibi?"

"Usinitazame mimi. Mimi natia joto tu."

Siku ya kumi na nane mayai huhamishiwa kwenye trei za kuangulia. Baada ya hapo hayageuzwi tena. Asubuhi hiyo ilikuwa ya mvua na baridi. Fundi ameshika trei ya mwisho, simu ikalia.

"Mdogo wangu wee! Chumba chako nimekiona. Dirisha linatazama barabara yote!"

Akaitua trei mezani, akatoka nje ili amsikie dada vizuri. Alipomaliza akaenda kuosha vyombo, mwili uko hapa, akili iko mji mwingine. Alikuja kuigundua trei saa sita mchana.

Bibi Joto aliweka yai kwenye ukope, akakawia.

"Limepoa kama kiazi cha jana."

"Yamekufa?"

"Sijui. Huenda yamezimia tu. Kwa sasa kifaranga kajaa yai zima, hata tochi haitatuambia kitu."

"Mayai thelathini, Bibi! Nimeyaua kwa mikono yangu."

"Yarudishe ndani. Na ukalilie nje, usinizidishie unyevu."

Siku tatu chakula hakikumpanda. Siku ya ishirini na moja trei nyingine zote zilichangamka, vifaranga vikatolewa kwa makelele. Trei yake ilikaa kimya. Na kesho yake adhuhuri alikuwa anasafiri.

Asubuhi ya safari alikuja hata hivyo, mizigo ikamsubiri mlangoni. Bibi Joto alichukua yai moja kwenye ile trei, akalisikiliza, kisha akamwekea Fundi sikioni.

Ti.

Fundi alilirudisha yai mashineni. Mlango ukafungwa, naye akabaki kwenye kioo chake. Ufa ukatokea, kisha tundu, kisha ncha ya mdomo. Halafu kimya.

"Mbona kaacha? Nimpasulie kidogo?"

"Thubutu! Ukimsaidia unamuua. Hapo anapumzika. Kazi aliyoifanya si ndogo, na iliyobaki ndiyo kubwa."

Mayai mengine nayo yakaanza kutikisika, moja huku, jingine kule. Fundi akavuta kigoda. Akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Pumzika kwanza, mwanangu," alinong'ona. "Hata mimi naogopa."