Kijakazi Hakubeba Kadi

Siku Luqmani alipomtia Kijakazi machoni kwa mara ya kwanza, aliona miguu tu. Alikuwa amelala chali chini ya mashua ya Mzee Abubakari, anasindilia pamba kwenye nyufa za mbao, maana ndiyo kazi ya kalafati, na chombo kisichozibwa hakifiki. Miguu ile ilitokea upande wa minazi, mikavu, ina mchanga mpaka kwenye vifundo. Ikafika penye nyavu zilizoanikwa, ikasimama kidogo, kisha ikaziruka.

Watu wakapiga kelele. Pale karibu na Ras Kisimani palikuwa na dago, kambi ya wavuvi waliohama makwao kufuata samaki wa msimu, na dagoni mwanamke haruki nyavu. Akiziruka, wanasema, amezitia nuksi.

"We mwanamke! Huna macho?" alifoka Mbaraka, nahodha wa mashua ile.

"Ninayo. Nyinyi ndio mlioanika njiani."

"Waitwa nani wewe?"

"Kijakazi."

"Kijakazi wa nani?" Wanaume wakacheka, wakagongana mabega.

"Wa mama yangu. Alizika watoto kabla yangu, akaniita jina la kudharauliwa ili kifo kikinisikia kinidharau, kipite. Basi kimepita. Nionyesheni pa kuweka masufuria."

Luqmani alicheka kule chini mpaka tindo ikamponyoka ikamwangukia kifuani. Na yeye si mtu wa kucheka. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini, hajaoa, amesoma mpaka darasa la saba, na mbele za watu maneno yalimkauka mdomoni. Akila, aliwapa watu mgongo. Akisalimiwa na wengi kwa pamoja, alimwitikia mmoja tu, wa karibu.

Kijakazi alijenga banda la makuti mwisho wa safu ya wapishi. Kila mashua ilikuwa na mpishi wake, wengi wao wajane na walioachwa, na yeye akapewa mashua ambayo mpishi wake alikuwa amerudi Kirongwe kuvuna korosho. Alijua kupika. Pweza wake alilainika, na wali wake haukuwa na ukoko wa kutafuta nao ugomvi. Na baadhi ya jioni, chakula kikishaliwa, mwanamume aliingia bandani kwake, akatoka baadaye. Kijakazi hakulifunika jambo hilo kwa kawa.

"Napika, hiyo kazi," alisema alipoulizwa. "Na ninayemtaka nalala naye kwa malipo niyatakayo, hiyo nayo kazi. Nisiyemtaka hulala na njaa yake."

Wenzake walimkimbia. Asubuhi za umande, moto ukizimika, mpishi huomba kaa kwa jirani, hulibeba kwenye kifuu akawashia kwake. Kwa Kijakazi hakuomba mtu. Sabra, mjane, dada mkubwa wa Mzee Abubakari, alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, lakini alikuwa radhi kuvuka dago zima kutafuta kaa jingine. Wanaume waliokwenda kwa Kijakazi walioga, wakasimama kwenye safu ya swala, wakarudi kuwa baba fulani na mjomba fulani. Jina baya lilibaki kwa mtu mmoja.

Luqmani naye alikwenda. Ilimchukua muda mrefu kujipa moyo. Akaoga, akavaa shati la Ijumaa, akafika mlangoni kashika pesa ndani ya ngumi mpaka zimelowa jasho.

"Leo sitaki," alisema Kijakazi.

"Nimekuja na..."

"Nimekiona ulichokuja nacho. Hakihusiani na kutaka kwangu. Chai nataka, tena peke yangu hainogi. Kaa, kalafati."

Luqmani akakaa. Hakuwahi kukataliwa kitu akabaki hajaona aibu, na siku ile hakuona. Wakanywa chai ya mchaichai. Kijakazi akamsimulia kwamba mama wa bibi yake alizaliwa mtumwa kwenye shamba la minazi upande wa Baleni, na mwenye shamba alipokufa, warithi waligawana minazi na watu siku moja. Babu yake upande wa baba alizaliwa huru, akaenda bara kukata mkonge wa mzungu. Huko akapewa kipande, karatasi ya kuonyesha kila siku amefanya kazi au amelala. Akikutwa njiani bila kipande, alikamatwa kama mbuzi aliyekata kamba.

"Mwili wa yule ulikuwa wa mwenye minazi, wa huyu ukawa wa mwenye mkonge," alisema. "Huu umenifikia mimi baada ya taabu nyingi, Luqmani. Nisipousemea mimi, nani ausemee?"

Luqmani akamaliza chai, akaondoka na pesa zake. Lakini kesho yake alirudi, na kesho kutwa, kwa chai tu. Pale kwake aliweza kula akiwa amemtazama mtu usoni.

Sasa, ugomvi ulianza kwenye mafungu. Samaki wakiuzwa, mwenye mashua huchukua fungu la chombo na fungu la nyavu, kisha mabaharia hugawana kinachobaki. Wapishi hawakuwa na fungu. Walipewa kitoweo, na nauli ya kurudi kwao dago likivunjika. Siku moja Kijakazi alikuwa anapara samaki pamoja na wenzake, kila mmoja amejitenga naye kidogo, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Chombo hakili, kina fungu. Nyavu hazili, zina fungu. Sisi tunaowalisha wanaovuta nyavu, tuna magamba."

Mmoja akaguna. Mwingine akacheka, kisha akatazama magamba mikononi mwake. Kisu cha Sabra kilisimama. Kabla juma halijaisha, wapishi wawili walikuwa wamemfuata Mzee Abubakari kuuliza habari za fungu.

Mzee Abubakari hakuwa mtu mbaya. Alisaidia misiba, alichangia msikiti. Lakini vyombo vingi pale vilikuwa vyake, na alizoea kuona kila kilichomo dagoni, chenye mbao na chenye pumzi, kuwa ni mali iliyo chini ya mkono wake. Akajua maneno yale yametoka banda gani. Ijumaa, baada ya swala, akawaita watu wote.

"Pana maradhi yanatembea," alisema. "Nimempigia simu muuguzi wa Kilindoni, atakuja. Kila mwanamke anayepika hapa atapimwa damu, na nimeagiza zichapwe kadi. Ataivaa shingoni, ionekane. Asiye na kadi afungashe."

Kila mtu alijua anayekusudiwa ni nani. Lakini kuitaja kazi ya Kijakazi kwa jina lake, mbele ya dada yake wa damu na watu waliotoka kuswali, mzee aliona haya. Basi akamfunika mmoja kwa shuka la wote. Hapo ndipo alipokosea.

"Kila mwanamke, kaka?" aliuliza Sabra.

"Nimesema kila mwanamke."

"Na mimi niliyekubeba mgongoni? Nivae kadi shingoni kama ng'ombe wa mnada?"

"Sabra, wajua ninachokisema."

"Sikijui. Kiseme."

Mzee akatazama mchanga. Kilichomshinda kusema kikabaki hapo katikati ya watu.

Kijakazi akasimama. "Mimi nishapimwa, na nitapimwa tena nikipenda. Sindano siiogopi, na majibu yangu nayajua mwenyewe. Ninachokikataa ni kadi. Babu yangu alibeba kipande ili mzungu ajue mwili wake umeamkia wapi. Wazungu wakaenda zao. Leo kipande chao kimerudi, kina kamba ya kuvaa shingoni, na aliyekileta twaswali naye kibla kimoja. Sikibebi. Na fungu bado nalitaka."

Akaenda bandani kwake, akamwaga maji juu ya moto. Mvuke ukapanda. Watu wakangoja waone afungashe, lakini yeye alikaa kwenye kibao chake akatulia. Kisha Sabra akafunga kanga yake vizuri, akaenda kwake, akamwaga maji. Akafuata wa tatu. Baada ya hapo dago zima halikuwa na moto.

Wanaume walidhani ni mchezo. Jioni wakajipikia. Mbaraka, aliyeweza kukata mkondo gizani bila dira, akasonga ugali uliokuwa unga ndani na lami nje.

"Bwana kalafati," alisema, akamsukumia Luqmani sufuria. "Mimi nimeshindwa kuumeza. Jaribu kuzibia mtumbwi."

Wakacheka, lakini cheko la mwenye njaa halina urefu. Kesho yake wali uliungua, na wawili wakagombana juu ya nani alisahau chumvi. Mashua zikachelewa kutoka. Mzee Abubakari akapita banda kwa banda na maneno matamu. Wapishi wakamwamkia shikamoo kwa adabu zote, na hakuna aliyenyanyua kuni.

Siku ya tatu muuguzi alifika kwa bodaboda. Aliitwa Albina, mwenyeji wa bara, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha karibu. Mzee akamweleza shauri la kadi. Kicheko kikaisha.

"Mzee wangu, kupima ni hiari," alisema. "Na majibu ni ya mwenyewe. Hayavaliwi shingoni. Tena mimi sipimi wanawake peke yao. Haya maradhi yamewahi kumjia mwanamke kwa upepo? Nitakaa pale kwenye turubai. Anayetaka na aje, awe mwanamke, awe mwanamume."

Hakwenda mtu. Wanaume walitazamana. Kuingia kwenye turubai kulikuwa ni kukiri kwamba nawe ulikuwa na njia ya kwenda lile banda la mwisho. Kijakazi alikuwa amekaa anachambua mboga isiyo na moto wa kupikia, na Luqmani akaona kwamba wasipokwenda, jambo hili litarudi kuwa la yule mmoja.

Akaweka tindo chini. Kutoka kwenye mashua mpaka kwenye turubai ni karibu, lakini siku ile aliuona mchanga hauna mwisho.

"Hee! Kalafati!" mtu akapaza sauti. "Kumbe na wewe!"

"Mkimya huyo! Maji yaliyotulia!"

Masikio yalimwaka moto. Angeweza kugeuka akasema kwamba yeye alikunywa chai tu, na ingekuwa kweli, na wangezidi kucheka. Hakusema. Akainama, akaingia. Alipotoka, ameshika kipande cha pamba kwenye kidole, Mbaraka alikuwa amesimama nje.

"Sogea basi, nami nipite," alisema Mbaraka, bila kumtazama mtu. Nyuma yake wakaanza kujipanga, mmoja mmoja, kimyakimya. Baadaye wakaja pia wapishi waliopenda, Sabra akiwa wa mbele. Nani aliambiwa nini ndani ya turubai lile, dago halikujua, na mpaka leo halijui.

Magharibi Mzee Abubakari alikwenda kwa dada yake. Walizungumza kwa muda, na sauti ya Sabra ndiyo iliyosikika zaidi. Alipotoka, akatangaza kwamba kila mashua itatoa fungu la mpishi. Habari ya kadi hakuitaja, na tangu hapo haikutajwa. Moto ukawashwa. Sabra hakugeuka shoga wa Kijakazi hata kidogo, alikuwa bado akimlaumu kwa mengi, lakini asubuhi iliyofuata alimwomba kaa, mchana kweupe. Wapo waliomsonya Kijakazi mpaka mwisho wa msimu. Naye aliwapikia, akachukua fungu lake.

Msimu ukaisha, dago likavunjika. Kijakazi akapata nafasi kwenye mashua inayokwenda Songosongo. Luqmani hajamwona tena. Wavuvi wanaotoka huko humletea habari kwamba ana mkahawa wa mabati, kwamba wapishi wa dago la huko nao wanadai fungu, na kwamba bado ana ulimi ule ule.

Asubuhi ya safari Luqmani alimbebea masufuria mpaka majini. Alikuwa ameyakariri maneno yake tangu alfajiri, na yalipotoka yalitoka yote kwa mpigo.

"Kijakazi, nikuoe. Nikikuoa mimi, hakuna atakayekusema tena."

Kijakazi hakumcheka.

"Wewe mtu mwema, Luqmani. Lakini hapo umetaka kuwa kadi yangu. Siku utakaponitaka mimi, si kunisafisha, panda chombo uje uniulize tena, na jibu langu utalipata kwangu. Haya, nipe hilo sufuria kubwa, maji yanakupwa."