Walipofyeka Mipingo ya Kibamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuoneshwa meza. Meneja wa Ruzuku, mzee wa Kipare mwenye maneno machache, alinipakia kwenye gari la ofisi kutoka Mabibo mpaka shule moja ya msingi huko Temeke. Akanisimamisha katikati ya uwanja wa mstari juani, kisha yeye akaingia ofisini kwa walimu kunywa chai. Nilisimama na baibui langu jeusi mpaka jasho likanitiririka mgongoni. Aliporudi aliniuliza, "Umeona nini, binti?"

"Sijaona kitu, bosi. Jua tu."

"Basi kazi umeshaijua. Watoto wanasimama hapo kila siku. Sie tunatafuta kivuli."

Kwa nyie mlio wageni wa kazi hii, nieleze kidogo. Mfuko wetu ulitoa ruzuku, yaani fedha ambazo shule hairudishi, ili viwanja vyake vipandwe mimea ya asili ya huku pwani: mipingo, mikongo, mikwaju na vichaka vyake. Shule ilituma andiko la mradi, tukalisoma na kwenda kuona. Fedha zilitoka kwa awamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya miche na zana, ya pili ya tenki la maji na uzio, na hiyo haikutoka mpaka mkaguzi aone miche iko hai. Wengi walitaka ashoki, ule mti ulionyooka kama askari wa gwaride. Niliwajibu kwamba ashoki ni mzuri wa kupigia picha, ila jaribu kukaa chini yake mchana uone kama utapona jua.

Nilianzia Temeke, nikahamishiwa upande wa Kinondoni, nikazunguka shule za Boko mpaka wakanibandika jina la Mama Miche. Jina nililipenda, sifichi. Kisha nikapelekwa Kibamba, na huko ndiko yalikonikuta.

Mwalimu Mkuu wa shule niliyopewa alikuwa mtu wa Mbeya, mchapakazi asiyejua kukaa. Shule yake haikuwa na mti hata wa dawa. Mtoto akizimia mstarini kwa jua, alimbeba mwenyewe mpaka ndani. Masika ilipoingia walipanda mipingo kwa mikono yao, wakaimwagilia kwa madumu ya kutoka nyumbani. Shida ni kwamba mpingo mchanga hauna sura. Ni vijiti vyenye miiba, na kiangazi hupukutisha majani yote. Asiyeujua ataapa ni kichaka kilichokufa.

Mwisho wa kiangazi nilimpigia simu kumwambia kuwa Mkurugenzi wetu mwenyewe anakuja kukagua. Nani asiyezijua shule zetu zikisikia mgeni? Wanafunzi waliagizwa waje na fagio na mafyekeo. Mawe yakapakwa chokaa, na uwanja ukafagiliwa mpaka ukabaki na mistari ya fagio. Tulipofika Mwalimu Mkuu alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni sana! Tumefanya usafi wa nguvu."

Nilitazama upande wa mipingo. Palikuwa peupe.

"Mwalimu," nikamuuliza, "mipingo iko wapi?"

Akageuka, na tabasamu likamfutika usoni. Mwalimu wa zamu alipoitwa alieleza, tena kwa fahari, kwamba walifyeka ile miiba isije ikamchoma mgeni. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja na mwenyeji akaumia.

"Kosa ni langu, si lake," Mwalimu Mkuu alisema. "Mimi ndiye niliyesema pasafishwe kote."

Mkurugenzi alikuwa mama wa kanuni. Akafunga mwavuli wake. "Bi Saumu, utaratibu unaujua."

Niliujua. Bila mimea hai hakuna awamu ya pili, bila tenki hakuna kitakachoota, na watoto wanarudi juani. Nikachuchumaa, nikafukua udongo kwa vidole mpaka nikagusa kisiki kimoja.

"Porini mpingo huungua kila mwaka na ukarudi, bosi. Mizizi ipo. Naomba tungoje vuli."

"Unataka nikague mizizi?"

"Nataka ukague baada ya mvua."

Akakitazama kile kisiki. Mwalimu Mkuu alikuwa akifuta viganja kwenye suruali kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani.

"Utaratibu unasema tukague," Mkurugenzi akasema hatimaye. "Hausemi lazima iwe leo. Nitarudi."

Mpaka leo namwombea dua mama yule.

Vuli nayo ikachelewa. Kila asubuhi Mwalimu Mkuu alinitumia picha ya udongo mtupu na maneno yaleyale: "Shikamoo Mama Miche. Bado." Nikafika mahali pa kuogopa simu yangu. Mvua ziliponyesha, hakuandika, alipiga.

"Mama, imechipua! Njoo uone, imechipua!"

Nililia jikoni kwangu, nasema wazi. Haikurudi yote, lakini ilitosha. Mkurugenzi alirudi kama alivyoahidi, akainama kuishika, ikamchoma, akacheka. Awamu ya pili ikatoka, tenki likasimama, na mikongo ikapandwa pembeni.

Sasa nimestaafu. Nikijumlisha yote, nashukuru. Nilipata wakubwa wa kazi walionifundisha kusimama juani, na wengine waliojua kungoja.

Juzi shule ile iliniita kuniaga. Nilizoea viwanja vilivyofagiliwa kwa ajili yangu, harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji na chokaa mbichi. Niliwakuta watoto wanakunywa uji kivulini. Majani makavu yametapakaa kila mahali, maua yameangukia njia, na hapakuwa na alama hata moja ya fagio.

Mwalimu Mkuu, siku hizi ana mvi, alinijia akikanyaga majani.

"Shikamoo mama. Niliposikia unakuja, niliwaambia watoto wasiguse kitu."

Nimepokewa shule nyingi katika kazi hii, na zote zilinifagilia. Pale hawakufagia, na sijawahi kupewa heshima kubwa kama ile.