Jana tuliombea kichwa ya Achieng

Wadau, jana kanisani nilisimama na hii goti yangu mbovu, nikaomba washirika waombee rafiki yangu Achieng. Alikuwa amenitumia ujumbe kwamba hawezi kuja, kichwa inamuuma vibaya sana, kama Sabato zingine nyingi hii miezi.

Leo nimejua hiyo kichwa ilikuwa mzima kabisa.

Mnajua niliteleza soko ya Rodi Kopany nikaumia goti. Darasa yangu ya yoga ya Jumapili nikaachia Achieng anishikie. Miezi tano.

Juzi daktari akasema naweza kurudi polepole. Leo asubuhi nikafika kwa ukumbi, mkeka kwapani, nikitaka kuwasurprise.

Kufuli.

Mzee anayechunga ukumbi akaniangalia kwa huruma. "Nyathina, mtoto wangu, hujaambiwa? Yoga siku hizi ni Jumamosi. Walikuwa hapa jana."

Jumamosi! Na mimi na Achieng ni Wasabato. Tuliweka Jumapili juu ya hiyo tu.

Nikamuuliza, "Sasa nani anawafundisha?"

"Si ni Achieng? Yeye mwenyewe ndiye alihamisha, hata wiki mbili hazikuwa zimeisha tangu uanguke."

Yaani alichagua ile siku moja anajua siwezi kuja.

Nikampigia simu nikiwa hapo hapo mlangoni. "Achieng, kichwa iko aje?"

"Waa, bado inauma, dada. Lakini maombi yenu imenisaidia."

Nimemwambia Sabato ijayo tutamwombea tena, na nitamtaja kwa jina.

Sasa nyinyi niambieni. Nikisimama, niseme anaugua nini?