Nilichora Nyumba Yetu, Dada Zaina Akafukuzwa

Nianze na lililo zito, maana nikizunguka nitaogopa na kufuta yote. Aliyeibiwa ni mama. Aliyefukuzwa ni dada Zaina. Mwenye kosa ni mimi.

Zaina si jina lake la kweli, na langu silitaji kabisa. Nipo kidato cha tatu, tunaishi Nzuguni, na mimi ni mmoja wa wale ambao mwalimu akiuliza swali tunainama kufunga kamba za viatu hata kama viatu havina kamba. Kuandika naweza. Kusema ndiyo sijui. Haya yamekaa kwenye daftari langu miezi, leo nimeona yataniozea mkononi.

Raha yangu ilikuwa kuunganisha mitandao ya intaneti ya nyumbani. Mnicheke tu! Ukinipa rauta kuukuu, waya mrefu na laptop iliyopasuka kioo, mimi nimeshiba. Nyumbani nilivuta waya juu ya dari, nikatengeneza laptop ya zamani ya mama ikawa ghala la picha zetu, nikafunga kamera mbili, moja mbele na moja nyuma. Mama alicheka, akasema, "Kumbe ukimya wako una kazi!"

Aliyekuwa ananishikia ngazi ni dada Zaina. Alitoka Busi, huko Kondoa, kuja kutusaidia kazi za ndani. Tulikuwa watatu tu: mama, mimi na yeye.

"We mtoto, ukianguka mimi nitasema nilikuwa jikoni," alikuwa ananiambia, huku ameikumbatia ngazi kama inataka kukimbia. Alikuwa mtu pekee niliyeweza kuongea naye bila kupanga maneno kwanza.

Mama ni katibu muhtasi ofisini, lakini jioni anashona sare za shule. Chumba cha mwisho kilikuwa na cherehani mbili za umeme. Alimwahidi Zaina kwamba mwakani atampeleka chuo cha ufundi akasomee ushonaji. Zaina alianza kujifunza mapema. Foronya zote za nyumba yetu alizishona yeye. Ya kwangu imepinda upande mmoja, mpaka leo nailalia.

Sasa, siku nilipofunga ile kamera ya nyuma, dada Zaina alisimama chini akaitazama.

"Hii si inaangalia bafuni?"

Bafu letu liko uani. Nikamwambia inaangalia uani kote.

"Weee! Mimi natoka humo na khanga moja. Nionekane kwenye simu? Astaghfirullahi! Izime bwana."

Tulicheka mpaka ngazi ikatikisika. Lakini niliona ana haki. Nikaipangia kamera ratiba: siku za kawaida ilale nusu saa alfajiri anapooga. Jumapili, kwa kuwa anaoga halafu anafua nguo za nyumba nzima, ilale kuanzia saa moja mpaka saa tano asubuhi. Mama sikumwambia. Niliona ni siri yetu ndogo ya wasichana.

Ningeishia hapo! Lakini nilikuwa kwenye kundi moja la simu, la watu wanaopenda mambo haya kama mimi. Wapo wa mikoa yote. Kila Jumamosi watu wanaweka michoro ya mitandao ya nyumba zao, wengine wanasahihisha, na mmoja anachaguliwa kuwa mchoro wa wiki. Huko nilijiita Mchoraji. Hakuna aliyejua ni msichana wa sare ya shule. Waliniita kaka, wakaniita mkuu. Mimi, mkuu!

Nikachora nyumba yetu. Jamani, nilichora vizuri! Wiki nzima, kwa rula, kwa rangi. Vyumba vyote, milango, rauta ilipo, waya unapopita. Chumba cha mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: CHEREHANI. Pembeni nikaweka ratiba ya kamera, maana ndiyo niliyojivunia zaidi. Neno la siri nililificha kwa wino mweusi, nikajiona mjanja kweli kweli.

"Kaka, umeua!" mmoja akaandika.

"Huyu ndiye fundi, siyo sisi wa kubandika waya kwa gundi."

Mwingine akauliza, "Mkuu, mbona kamera ya nyuma inalala Jumapili?"

Ningeweza kunyamaza. Mimi, bingwa wa kunyamaza! Nikajibu: "Dada wa kazi anaoga na kufua uani, akimaliza huwa anaenda sokoni. Sisi tunakuwa kanisani mpaka saa tano."

Soma tena hiyo sentensi. Mimi nimeisoma mara nyingi mpaka naiona nikifumba macho.

Kuna namba moja mpya ikaniuliza niko wapi, inataka kuja kujifunza. Nikasema Nzuguni. Ikasema Nzuguni ni kubwa, upande gani? Nikaitajia mpaka mashine ya kusaga iliyo jirani yetu. Mchoro wangu ukawa mchoro wa wiki. Nililala nikitabasamu kama mjinga.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, tulitoka kanisani tukakuta mlango wa uani umevunjwa komeo. Chumba cha cherehani kilikuwa kitupu. Juu ya meza vumbi lilikuwa kila mahali isipokuwa sehemu mbili safi, pale cherehani zilipokaa. Vyumba vingine havikuguswa.

Dada Zaina akaingia na mfuko wa mboga za mlenda kutoka sokoni. "Kuna nini?" akauliza.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akazunguka, akatikisa kichwa. "Mama, aliyeingia humu anaijua nyumba. Hakukosea hata mlango mmoja."

Mama akanigeukia. "Lete kamera."

Nikafungua simu. Kamera ya mbele: kuku na upepo. Kamera ya nyuma: tupu, kuanzia saa moja mpaka saa tano.

"Nani kaizima?"

Mbele ya mwenyekiti, mbele ya majirani waliojazana mlangoni, macho yote kwangu! Na nilipofungua mdomo, yalitoka maneno mawili:

"Dada aliomba."

Ni kweli aliomba. Ndiyo maana naumia. Sikusema uongo hata neno moja, na bado nilimmaliza. Sikusema ni kwa sababu ya kuoga. Sikusema nimewachorea watu nisiowajua nyumba nzima, na saa za kuja nikawapa.

Mama alimtazama Zaina kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Kumbe! Nimekulisha, nimekufundisha kushona, kumbe unawapimia wezi nyumba yangu!"

"Mama, siyo hivyo, wallahi. Niliomba kwa ajili ya kuoga tu. Muulize huyu."

Walilipekua begi lake. Hawakukuta kitu, zaidi ya khanga zake, daftari la vipimo na foronya moja ambayo haijaisha. Mwenyekiti akasema kama hakuna ushahidi basi aende kwao salama. Dada Zaina akaanza kupanga upya vitu vyake. Nilikuwa nimesimama mlangoni, hatua mbili tu kutoka alipokuwa.

Hakupiga kelele. Alisema polepole, kama vile alivyokuwa ananiambia nishuke kwenye ngazi kwa uangalifu: "Mdogo wangu, si unajua? Mwambie mama."

Nikatazama miguu yangu.

Akangoja. Halafu akavuta zipu ya begi. Ilikuwa mbovu ile zipu, ilikwama katikati, akaivuta tena na tena. Muda wote huo ulikuwa wangu wa kusema! Zipu ikafika mwisho. Akaondoka.

Jioni niliufuta mchoro kwenye kundi. Ile namba mpya ilikuwa imeshajitoa. Sijui kama ndiyo yenyewe, na sitajua kamwe. Wiki mbili baadaye nikaukuta mchoro wangu kwenye kundi lingine, una jina la mtu mwingine, watu wanausifia. CHEREHANI kwa herufi kubwa. Niliandika, "Tafadhali ufuteni." Mmoja akanijibu, "Wivu tu, dogo."

Nilikaa na hilo miezi mitatu. Nilikonda, mama akadhani ni malaria. Siku moja akiwa anapiga pasi nikamwambia yote, nikampa na daftari mkononi asome, maana sauti ilikuwa inakata.

Alisoma mpaka pasi ikaunguza shati. Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga! Alikaa chini akasema, "Na mimi nilimwita mwizi mbele ya watu."

Alimpigia Zaina. Haipatikani. Akampigia mjomba wake aliyemleta, akaweka sauti ya nje.

"Mama, umechelewa," mjomba akasema. "Maneno yalifika huku kabla yake. Akipita, watu wanaingiza ndoo ndani. Alikaa mwezi, akasema hawezi. Aliaga anakwenda kutafuta kazi, hakusema wapi. Hata sisi hatumpati."

Mama alimwomba awaambie watu kijijini kwamba Zaina hana kosa. Akasema atawaambia. "Lakini mama, unajua watu," akaongeza.

Cherehani mama alikuja kupata nyingine, ya miguu. Foronya ile ambayo haijaisha ameondoka nayo dada. Rauta yangu bado inaonyesha orodha ya simu zote zilizowahi kuunganishwa hapa nyumbani, na moja imeandikwa Simu ya Zaina, haipo hewani. Kila nikitoka shule naangalia. Najua ni upuuzi, hawezi kuunganika na mtandao wa Nzuguni akiwa sijui wapi. Naangalia tu.

Wenzangu mnaochora, chukueni kwangu. Mnaficha neno la siri halafu mnaonyesha mlango, chumba na saa ya kwenda kanisani! Sifa za watu msiowajua zisiwafanye mtaje aliyemo ndani ya nyumba yenu.

Na wewe mwenye aibu kama mimi, unayesema nitaongea kesho kukiwa na watu wachache: ukimwona mtu anafungasha kwa kosa lako, sema, hata kwa kigugumizi, hata ukilia. Sema kabla zipu haijafika mwisho.